Sura ya Tisa: Alama Mbele ya Nyumba ya Mwalimu

Watoto hawakuwa na nia mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye walikuwapo watu wazima waliowatazama kwa jicho la pembeni kana kwamba walikuwa wametumwa. Walikuwa wanafunzi wa kidato cha pili, wamefundishwa kuchora ramani ya mtaa wao kwa tableti, na walifanya vile vile walivyofundishwa.

Aliyewafundisha walimwita Bwana Ramani. Kwa kazi alikuwa mpima ardhi, aliyeletwa pale shuleni na mradi wa kufundisha ramani za kompyuta ili asaidiane na mwalimu wa jiografia. Alikuwa mrefu, mpole wa kusema, mwenye pikipiki ya kijani iliyofungwa sanduku la chuma nyuma la kubebea vifaa vyake. Kanuni yake kubwa aliiandika ubaoni siku ya kwanza na hakuna aliyethubutu kuifuta muhula mzima: kitu ukikikuta mahali pale pale kila unapopita, hicho ni cha kudumu, kiweke kwenye ramani, ukikikuta mara moja tu, hicho ni cha kupita, kiache. Kwa hiyo kisima kiliingia, mbuzi hakuingia. Kibanda cha kinyozi kiliingia, lori la mchanga halikuingia, na watoto walibishana kwa saa nzima juu ya mzee mmoja aliyekuwa hakosekani kwenye benchi lake.

Kosa lilikuwa moja tu, na halikuwa lao. Siku za kazi kulikuwa na vipindi, hivyo walipelekwa mtaani Jumamosi peke yake. Na Jumamosi, mwalimu wa jiografia angeweza kuwaambia kama wangemuuliza, mtaa haukuwa ule ule wa siku nyingine. Jumamosi mama yake mzazi, fundi cherehani aliyeishi naye, alikuwa hashindi nyumbani. Alipeleka sare alizoshona kwenye maduka ya mjini na kurudi jioni. Na Jumamosi Bwana Ramani alipita pale kuchaji tableti.

Ndivyo ilivyoanza, kwa chaja. Nyumba ya mwalimu ilikuwa katikati ya eneo lililokuwa likipimwa, na umeme wake ulikuwa haukatiki ovyo. Jumamosi ya kwanza alikunywa chai akiwa amesimama mlangoni. Jumamosi iliyofuata alikaa. Baadaye tableti zilikuwa zinafika zimejaa chaji pomoni, na hakuna aliyeona haja ya kulitaja hilo.

Sasa muhula ulikuwa umekwisha na mradi ulikuwa unamhamishia shule nyingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Alikuwa aondoke Jumatatu. Mwalimu alimpenda, hakuna haja ya kulizungusha. Alimpenda kiasi cha kuijua sauti ya pikipiki yake ikiwa bado huko barabara kuu, na wiki nzima alikuwa anamsubiri aseme neno. Neno halikusemwa. Yeye naye hakulisema, kwa sababu zake. Maonyesho ya ramani yalikuwa siku yao ya mwisho kazini pamoja, na kama yangepita hivi hivi, basi yangekuwa yamepita na wao.

Ukumbi ulijaa wazazi. Mama alikaa safu ya pili, mkoba mapajani, amenyooka kama kawaida yake. Bwana Ramani alikaa mbele nyuma ya kompyuta iliyounganishwa na projekta. Mwalimu alisimama ukutani kando ya swichi. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuzima na kuwasha taa.

Makundi mawili yalikwisha pita na kupigiwa makofi. Kundi la tatu lilimtoa msichana mmoja mwembamba mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Alishika kijiti akaanza kuwaonyesha wazazi mtaa wao: hapa bomba la maji, hapa mashine ya kusaga, hapa daraja la mbao lenye ubao mmoja uliooza. Kijiti kikapanda juu kikasimama mbele ya nyumba yenye bati jekundu.

"Na hapa," alisema, "tuna kituo cha pikipiki."

Kukawa na mnong'ono. Baba mmoja aliyekaa katikati akanyoosha mkono.

"Kituo gani hicho, mwanangu? Mimi naishi njia hiyo hiyo. Siku zote natembea kwa miguu, kumbe usafiri upo?"

"Upo, mzee. Ni kituo kidogo, kina pikipiki moja."

"Moja?"

"Moja. Ya kijani, ina sanduku la chuma nyuma. Tumeikuta kila tulipopita, kwa hiyo ni ya kudumu."

Pikipiki yenyewe ilikuwa nje, chini ya dirisha la ukumbi, na waliokaa upande ule hawakuhitaji hata kusimama ili kuiona. Kicheko kilianzia kwao. Kilikuja taratibu, safu hata safu, jinsi kila mmoja alivyoelezwa na jirani yake nyumba yenye bati jekundu ni ya nani. Kilipofika safu ya pili, mwalimu aliuona mgongo wa mama yake ukikakamaa, kisha ukumbi ukanyamaza. Watu wakageuka kumtazama yeye, pale ukutani.

 Alishika swichi kama mtu aliyekabidhiwa maisha ya wagonjwa.

"Samahanini, wazazi," Bwana Ramani alisema kutoka nyuma ya kompyuta yake, bila haraka. "Hilo ni kosa la data. Tunalisahihisha."

Akabonyeza. Nukta ya kijani ikatoweka. Mbele ya nyumba ya mwalimu pakabaki njia tupu ya rangi ya kijivu.

"Lakini, Bwana," yule msichana alisema kwa uchungu, "ulituambia tusifute kitu tulichokiona kwa macho yetu."

"Endelea na daraja," Bwana Ramani alimwambia.

Akaendelea na daraja. Makofi yakapigwa, mkuu wa shule akashukuru kwa kirefu, na taa zikawashwa kwa wakati unaofaa. Lakini mwalimu alikuwa ameumia. Hakutegemea kuumia vile. Kama angeulizwa asubuhi, angesema anachoogopa ni kujulikana. Kumbe kujulikana kulidumu kwa dakika moja na aliweza kuvumilia. Kilichomchoma ni ule wepesi wa kile kidole kilichobonyeza.

Wazazi walipokwenda kunywa soda uani, yeye alibeba boksi la tableti akaenda nalo chumba cha kompyuta. Hakushangaa alipomkuta Bwana Ramani ameshafika, anakunja nyaya.

"Mwalimu," alisema.

"Tableti mbili hazipo. Kundi la kwanza bado wanapigia picha."

"Umekasirika."

"Nahesabu."

"Umehesabu hiyo hiyo mara mbili."

Mwalimu akaiweka chini. Chumba kile kilikuwa kidogo, kina joto la mashine, na madirisha yake yalitazama uani walikokuwa wazazi. Alishusha sauti, si kwa sababu ya staha, bali kwa sababu hasira yake siku zote ilikuwa ya chini chini.

"Kosa la data," alisema.

"Nilikuwa nakulinda."

"Nilikuomba?"

"Ulikuwa umegeuka jiwe pale kwenye swichi. Mama yako yuko safu ya pili. Watu wanacheka. Ulitaka nifanyeje?"

"Ungeacha."

"Ningeacha, halafu?"

"Halafu mimi ningejua la kusema."

"Nafasi ya kusema ulikuwa nayo. Ukumbi mzima ulikaa kimya unakusubiri wewe, hawakuwa wananisubiri mimi."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilimzidishia hasira.

"Ulilisema bila hata kumeza mate. Ungebabaika basi kidogo, nione kwamba linakugusa."

"Nilibabaika. Mkono ulikuwa unatetemeka."

"Haukuonekana kwenye skrini."

 Bwana Ramani alizungusha waya kiganjani mpaka ukaisha, akaufunga fundo, akauweka juu ya rundo la wenzake. Alikuwa mtu wa kupima kabla ya kusema, na mwalimu, ambaye tabia hiyo ndiyo iliyomvutia tangu mwanzo, safari hii aliichukia.

"Nikuambie ukweli?" alisema hatimaye.

"Kama unao."

"Simwogopi mama yako. Kicheko cha watu ndiyo kabisa, mimi nimeshachekwa sana. Nilikuogopa wewe. Niliogopa yule mzee aliyeuliza kituo atakugeukia akuulize, 'Mwalimu, mwenye pikipiki ni nani?' na wewe useme humjui. Nikaona bora nijifute mwenyewe, kuliko nikae pale mbele nisubiri unifute wewe."

Mwalimu alitaka kukana. Tatizo ni kwamba jibu alikuwa nalo, alikuwa amelitunga tayari pale ukutani wakati kicheko kinapanda. Angesema huenda ni mgeni wa jirani. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ncha ya ulimi.

"Ningesema ni mgeni wa jirani," alisema.

"Jirani yupi?"

"Sikuwa nimechagua."

Hakucheka, na mwanamume naye hakucheka, ingawa wote wawili walikaribia. Alimtazama yule mtu mbele yake, shati lake la maonyesho lililopigwa pasi upande mmoja tu, na akajua kuwa amemweka nje ya nyumba yake muhula mzima, hata zile Jumamosi alizomkaribisha ndani. Alijisikia vibaya. Na bado alikuwa amekasirika. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila kugombana.

"Hodi," ilisema sauti ya mlangoni, na mwenye sauti akaingia bila kungoja karibu.

Mama alifunga mlango nyuma yake. Aliangalia kompyuta, nyaya, rundo la tableti, kisha binti yake, kisha yule mwanamume ambaye tayari alikuwa amesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ile pikipiki ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Si kosa?"

"Si kosa."

Mama akavuta kiti akakaa, mkoba mapajani. Akamgeukia binti yake.

"Jumamosi zote hizo alikuwa anafanya nini nyumbani kwangu?"

"Alikuwa anachaji tableti, mama."

"Anachaji."

"Mwanzoni."

"Sawa." Mama alitikisa kichwa polepole. "Mzazi wa yule msichana amenishika mkono pale uani. Amecheka mpaka machozi, ananiambia, 'Hongera, kumbe kuna mambo mazuri.' Na mimi nikacheka naye. Nimecheka kitu nisichokijua. Watoto wa watu wanakijua, wamekipaka na rangi, na mimi ninayelala chumba cha pili ndiyo wa mwisho kuambiwa."

Hakuwa amepaza sauti. Mwalimu alitamani apaze. Alimjua mama yake. Ukali wake ulikuwa na mwisho, lakini huzuni yake ilikuwa ya kukaa.

"Niliogopa kukuambia," alisema. "Kwa sababu ya ile mara ya kwanza."

Mama akamgeukia Bwana Ramani.

"Amekueleza hiyo mara ya kwanza?"

"Hapana, mama."

"Basi nikueleze, maana yeye hawezi. Alikuja kijana, tukampenda. Ikapangwa siku, wazee wake waje. Ndugu zangu wakaja, wakakaa sebuleni. Tukapanga vikombe. Tukasubiri mpaka chai ikapoa, tukaipasha, ikapoa tena. Hakuna aliyekuja, hata mjumbe. Ndugu walipoaga, nilivirudisha vile vikombe jikoni mwenyewe, safi, havijatumika. Huyu alikuwa chumbani kwake na mlango umefungwa." Aliushika mkoba kwa mikono miwili. "Sitaki kuvirudisha tena. Unanielewa, baba? Mimi sikuchukii. Ila wewe ni mtu wa kuhama. Nimesikia mkuu wa shule anakuaga pale mbele. Jumatatu haupo."

"Jumatatu sipo, mama. Kazi naihitaji, siwezi kukudanganya."

"Basi tumemaliza."

Alianza kusimama. Mwalimu alimwona akishika mkono wa kiti, na akaelewa kwamba ikiwa mama yake atatoka na ule mlango ukafungwa, hakuna atakayeufungua tena. Hatakuwa yeye, maana alikuwa bingwa wa kunyamaza. Wala hatakuwa Bwana Ramani, ambaye alikuwa bado anapima. 

"Mama, namtaka," alisema.

Mama akabaki nusu amesimama.

"Nimesema namtaka. Nimemtaka muhula mzima, na nimechoka kumtaka kwa kuvizia siku uliyokwenda mjini. Nilikuficha wewe, nikamficha na yeye, na leo watu wananitazama nikataka kusema ni mgeni wa jirani. Sikupendezwa na nafsi yangu. Kama atakwenda akanisahau, nitavirudisha vikombe mimi. Wewe utakaa sebuleni."

Alipomaliza, aliketi juu ya meza kati ya kompyuta mbili, kitu ambacho wanafunzi walikatazwa kabisa. Uani watu walikuwa wanacheka mambo yao. Bwana Ramani alikuwa amesimama na waya mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu afahamiane naye, uso wake ulikuwa haujapima kitu.

"Nataka kumuoa binti yako, mama," alisema.

"Usiniambie mimi. Umemwambia mwenyewe?"

"Bado."

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kuchaji kote huko, na bado?"

"Nilikuwa namsubiri yeye," alisema mwanamume.

"Nilikuwa namsubiri yeye," alisema binti.

"Hii ndiyo elimu," mama alisema, akakaa tena. "Haya. Niko hapa."

Bwana Ramani aliweka waya mezani. Alimsogelea mwalimu, si karibu sana, kwa heshima ya aliyekuwa kwenye kiti.

"Sina maneno mazuri," alisema. "Ninaondoka Jumatatu, na nataka nikifika huko kuwe na mtu anayesubiri kuniuliza nimefika salama. Nataka huyo mtu awe wewe. Nataka uulizwe mbele ya watu na useme ndiyo, na mimi niulizwe na niseme ndiyo. Nioe... yaani, unikubali nikuoe. Nimekosea hata hapa."

"Umekosea," mwalimu alisema. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na hakujisumbua kuyafuta. "Ndiyo. Nakubali. Lakini sijakusamehe."

"Sawa."

"Kile kidole. Sijakusamehe kabisa."

"Nimesikia."

"Na mimi sijakubali," mama alisema. "Msije mkaanza kushikana mikono hapa mkidhani mambo yamekwisha. Una nani, wewe? Una wazazi?"

"Nina dada yangu mkubwa, mama. Ndiye aliyenilea."

"Anapokea simu?"

"Anapokea."

"Basi nitaongea naye leo hii, kabla ya Jumatatu yako. Nimsikie anavyoongea. Nitamuuliza kila kitu, na wewe utakaa hapo usikilize, na akisita hata mara moja nitajua." Alisimama, safari hii moja kwa moja, akauning'iniza mkoba begani. Akamgeukia binti yake. "Mwalimu, mwambie mgeni wako afunge hizo mashine. Tunakwenda nyumbani."

Wakatoka watatu. Uani ulikuwa bado umejaa, na mazungumzo yalipungua walipopita, yule baba wa kutembea kwa miguu akiwa wa kwanza kusogea awapishe. Mwalimu alisikia mashavu yakimwaka. Alitembea hivyo hivyo, upande wake wa kushoto mama yake akipokea salamu kwa kichwa tu, na katikati yao Bwana Ramani, aliyekuwa hajakubaliwa na mmoja wala kusamehewa na mwingine. Alimtupia jicho. Yule mtu alikuwa anatabasamu peke yake, kwa uwazi mno, bila aibu, mpaka mwalimu akaona afadhali atazame mbele, maana alijua uso wake mwenyewe ulikuwa vile vile.